Rossetti na daftari la kaburini

Februari 1862, jijini London, mshairi na mchoraji Dante Gabriel Rossetti alimzika mkewe, Elizabeth Siddal, aliyefariki baada ya kuzidisha dawa ya afyuni. Kabla jeneza halijafungwa alimwekea daftari la mashairi yake, mengine hayana nakala kamili popote. Oktoba 1869 akataka daftari lake. Kaburi la mkewe, kwenye makaburi ya Highgate jijini humo, likafukuliwa usiku, na mwaka uliofuata diwani ikatoka, ikanunuliwa kwa wingi.

Wanaomtetea wana la kusema. Mashairi ni jasho lake, waziri wa mambo ya ndani aliridhia kaburi lifunguliwe, na marehemu hasomi. Rossetti mwenyewe alimwandikia mshairi mwenzake, Swinburne, kwamba Siddal aliipenda sanaa kuliko kitu kingine: laiti angeweza, angelirudisha daftari lile juu ya mto wa kulalia wa mumewe usiku uleule wa maziko. Maneno matamu hayo, na huenda yana ukweli, maana Siddal naye alikuwa msanii. Tatizo ni kwamba anayemsemea marehemu hapa ndiye anayesubiri kufaidika.

Upande wa pili hushika neno moja: zawadi. Aliitoa mbele ya wafiwa, kwa hiari yake. Mimi hoja hiyo hainishiki sana. Mtu mwenye uchungu huahidi mengi, na ingekuwa hasara kuyaacha mashairi yaoze. Kinachonikera ni namna alivyolifanya jambo lenyewe. Mama yake hakuambiwa. Makaburini hakwenda; alimtuma Charles Augustus Howell, mtu mwenye sifa ya uongo, na tangu hapo hadithi ikaenea kwamba nywele nyekundu za marehemu zilikuwa zimeendelea kuota hadi kujaza jeneza. Moto uliwashwa kando ya kaburi. Daftari lilitoka limelowa, daktari akalisafisha kwa dawa ukurasa mmoja mmoja. Shairi la “Jenny”, alilolitaka kuliko yote, lilikuwa limetobolewa na funza kurasa zote. Kama aliamini kweli kwamba mkewe angeridhia, kificho kilikuwa cha nini?

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Siddal naye aliandika mashairi: mafupi, makavu, ya mapenzi yaliyochoka. Alikufa hata moja halijachapishwa. Hayo hayakuhitaji koleo wala kibali cha waziri, yalikuwa juu ya ardhi, lakini ya mume ndiyo yaliyoharakishwa. Ya mke yalingoja shemeji yake, William Michael, ayatoe moja moja miaka mingi baadaye.

Rossetti alifariki mwaka 1882. Alikuwa ameagiza asizikwe Highgate kwa hali yoyote. Yuko Birchington, kijiji cha pwani, mbali na mkewe.