Siti Mpya ya Baiskeli: Uivumilie au Uing'oe?

Funga siti mpya kwenye baiskeli katikati ya maandalizi ya triathloni, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na kabla wiki haijaisha utakuwa umepewa ushauri wa namna mbili. Mmoja atakuambia, "Vumilia tu, makalio yatazoea." Mwingine: "Ikikuuma hiyo si yako, itoe." Wote wawili wamepanda baiskeli miaka mingi. Mimi nimewafuata wote kwa nyakati tofauti, na kila ushauri umewahi kuniokoa na umewahi kuniponza.

Tuanze na wavumilivu, maana hoja yao ni ya siku nyingi. Siti za ngozi, kama za Brooks ya Uingereza iliyopata hataza ya siti mwaka 1882, zikiwa mpya ni ngumu kama ubao. Ngozi imevutwa juu ya fremu ya chuma, na kwa mamia ya kilomita inabonyea polepole pale mifupa ya makalio inapotua, mpaka siti inachukua umbo la mwenyewe. Mwazime mtu, atahangaika nayo. Kwa siti ya aina hiyo, kumwambia mtu avumilie ni ushauri wa kifundi kabisa. Ila siti nyingi za leo ni ganda la plastiki au kaboni, sponji juu yake, na kitambaa juu ya sponji. Sponji italegea kidogo. Ganda litabaki lilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo tukisema "itazoeleka", anayetakiwa kubadilika ni mwili wako peke yake.

Na mwili hubadilika kweli. Aliyekaa miezi bila kupanda baiskeli husulubiwa hata na siti yake ya zamani. Yale maumivu ya mifupa miwili ya makalio, yanayokufanya jioni ukae upande upande mezani, hupungua baada ya safari kadhaa fupi, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Anayeng'oa siti baada ya dakika 40 za kwanza hajaijaribu bado. Tena kila anapobadilisha anaanza upya: urefu mpya, mwinamo mpya, sehemu mpya za kuchubuka. Nawajua watu wenye boksi lililojaa siti, na bado hawajapata ya kukalia.

Hapo wavumilivu wameshinda. Lakini triathloni ina ukorofi wake, na ndipo hoja yao inapoanza kuvuja.

Kwenye baiskeli ya kawaida ya barabarani, bomba la siti huinama kwa pembe ya digrii 73 hivi, na uzito wa mwili hutua kwenye mifupa ya makalio, sehemu iliyoumbwa kubeba mzigo. Baiskeli ya triathloni hulisimamisha bomba hilo hadi digrii 76, 78, au zaidi. Mpandaji anasogea mbele, analaza viwiko kwenye vishikio vya mbele ili akate upepo, na nyonga inazunguka kuelekea mbele. Mifupa ya makalio inanyanyuka. Uzito unahamia kwenye mifupa ya kinena na kwenye msamba, ambako kuna neva na mishipa ya damu na nyama laini, na hakuna chochote pale kilichoumbwa kukaliwa kwa kilomita 40, sembuse 180. Mkao wa mpandaji wa kawaida hubadilika kila dakika: anasimama kupanda kilima, anakata kona, anabadili mshiko. Mwanatriathloni anasifiwa kwa kutotikisika. Akifunga baiskeli kwenye mashine ya mazoezi ya ndani ndiyo balaa zaidi, kwa sababu hata ule mtikisiko mdogo wa barabara haupo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uvumilie, uliza kwanza unavumilia nini. Mifupa ikiuma, vumilia. Ngozi ikichubuka, paka krimu, kagua mshono wa kaptura, pumzisha siku mbili, uone. Ganzi ni habari nyingine. Ganzi maana yake neva inabanwa au damu haipiti vizuri, na sijui mtu yeyote ambaye neva yake ilizoea kubanwa. Nawajua waliozoea kunyamaza.

Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ambao wavumilivu wangefaa kuutazama. Maafisa wa polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli walipewa siti zisizo na pua, yaani ile ncha nyembamba ya mbele, wazitumie kwa miezi sita. Mwanzoni, waliosema hawapati ganzi kabisa walikuwa asilimia 27. Baada ya miezi sita walikuwa asilimia 82. Wale walikuwa watu wa kazi, na kwenye siti za zamani walikuwa na muda wote wa "kuzoea" ambao mtu angeweza kuutaka. Kilichowasaidia kilikuwa umbo. Hata hivyo polisi hukaa wima kwenye baiskeli, kwa hiyo namba zile haziwezi kuhamishwa moja kwa moja kwenye mkao wetu. Lakini kama pua ya siti iliwaletea shida wao waliokaa wima, sisi tuliolala mbele tunajidanganya nini?

Kwa wanawake suala hili lilifunikwa muda mrefu zaidi. Uvimbe na vidonda vya sehemu za siri vilihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo, jambo la kumalizana nalo bafuni kimyakimya. Katika mbio za baiskeli, UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, iliwahi kutaka siti iwe karibu sambamba na ardhi, kisha ikalegeza mwinamo hadi digrii 9. Wengine walikuwa wamevumilia kanuni miaka yote hiyo wakidhani wanavumilia siti.

Je, basi wa "itoe" ndio washindi? Ningesema hivyo kama nisingekuwa na aibu ya siti yangu ya mwisho. Niliinunua ile yenye pua fupi iliyopasuka katikati. Nikaifunga jioni, nikapanga ncha yake ilingane na ncha ya ile ya zamani, nikaridhika. Baada ya siku nne magoti yakaanza kuuma kwa mbele, mabega yakakaza, na nikawa najisukuma nyuma kila dakika mbili. Nikaitukana siti. Kumbe mpya ilikuwa fupi kwa karibu sentimita tatu, na kwa kulinganisha pua nilikuwa nimesogeza sehemu ya kukalia mbele na kujikaribisha kwenye pedeli. Ni sawa na kushusha siti, na ndiyo maana magoti yalilalamika. Mafundi wazuri hawapimi kutoka puani. Hutafuta mahali ambapo upana wa siti unafika milimita 80, kwenye ya zamani na kwenye mpya, halafu wanalinganisha hapo. Nilipoirudisha nyuma na kuishusha pua kidogo, kama digrii mbili kwa pimamaji ya simu, siti ileile niliyokuwa tayari kuigawa bure ikakalika.

Nadhani sehemu kubwa ya tunachokiita "kuzoea" ni mtu kuteseka kwa kosa la spana, na sehemu kubwa ya tunachokiita "siti mbaya" ni kosa hilohilo kwa jina jingine. Kambi zote mbili zinabishana kabla ya kushika tepu. Pua ikishushwa mno mtu anateleza mbele na mikono inabeba mwili. Ikipandishwa kidogo tu, msamba unalipa. Uvumilivu nauheshimu, lakini uanze kuhesabiwa baada ya vipimo kukaa sawa.

Halafu kuna nguo. Kaptura ya baiskeli ina pedi nene. Ya triathloni ina pedi nyembamba kwa sababu utaogelea nayo na kukimbia nayo. Siti iliyopimwa wiki sita kwa pedi nene inakuwa siti nyingine kabisa siku ya mashindano, ngozi ikiwa imelowa maji ya chumvi. Walau safari ndefu moja kwa wiki ifanyike na nguo ya mashindano, na ukishuka, kimbia hata dakika 15. Michubuko ambayo haikusikika kwenye baiskeli hujitangaza kwenye kilomita ya kwanza ya mbio.

Lililobaki ni kalenda, na hapa nasimama upande mmoja bila kusita. Zikiwa zimebaki wiki nane au zaidi, siti yenye vipimo sahihi ipewe wiki tatu, isipokuwa ikileta ganzi. Ganzi isiyoondoka baada ya kurekebisha mwinamo na kusimama kwenye pedeli kila dakika 10, siti hiyo itoke hata kama ilikuwa ya gharama. Na ganzi inayobaki hata baada ya kushuka, hiyo ni ya daktari. Zikibaki wiki tatu, rudisha ile ya zamani unayoijua kasoro zake. Ndiyo maana bomba la siti yangu lina vipande viwili vya utepe, cheusi cha siti ya zamani na chekundu cha mpya, vimepishana milimita saba. Mashindano yangu yako wiki tano mbele. Jana nimekaa saa mbili na nusu kwenye chekundu, ganzi haikuja, lakini upande wa kushoto kuna mchubuko wa ukubwa wa kucha ambao bado tunaangaliana nao.