Rangi ya Joto, na Mji Wenyewe Ndio Huu Dodoma

Mwenzenu nilidhani kujenga kumeisha. Paa lipo, madirisha yapo, choo kinavuta siku maji yakiwepo, na deni la mabati nimelimaliza. Kilichobaki ni rangi, nikajisemea. Fundi na kijana wake, redio, soda mbili, siku mbili, kwisha. Nyumba niliyokulia Dar es Salaam ilipigwa chokaa kila ikikaribia Krismasi, na mchagua rangi alikuwa baba. Alichagua kwa dakika moja, kwa sababu chokaa ilikuwa ya aina moja.

Jioni moja mama watoto akaniwekea simu mapajani. "Hebu angalia."

Nikaangalia. Sebule ya watu wenye hela zao, kochi refu, mbwa kalala kwenye zulia, dirisha kubwa kama la benki.

"Tunanunua mbwa?"

"Ukuta, baba watoto. Angalia ukuta."

Ukuta nikauona. Nikasema ni mweupe. Akanitazama kama nimekosea jina la mtoto wetu wa kwanza. "Huo si mweupe. Hiyo inaitwa rangi tulivu, yenye joto."

Yenye joto! Sisi tunakaa Nzuguni, hapa hapa Dodoma. Ulikuwa mwezi wa kumi, ule mwezi ambao ukishika komeo la geti saa nane mchana unatubu dhambi za ujanani. Mvua tuliagana nayo mwezi wa nne. Feni inachukua joto la kona hii inalipeleka kona ile, kisha inalirudisha. Halafu kuna mtu ndani ya nyumba hiyo hiyo anataka kununua joto jingine kwa ndoo, alipake ukutani!

Nikauliza kwa heshima kama rangi ya baridi ipo. Ipo, kasema, ile yenye ububluu kwa ndani. Basi tuchukue hiyo tupumue. Akasema ya baridi inaifanya sebule ifanane na wodi. Nikanyamaza, maana nilishawahi kulala wodini na sikuipenda.

Jumamosi tukapanda daladala hadi mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kijana wa dukani akatoa kadi za rangi zilizobanwa kona moja. Ukizifungua zinatanuka kama mkia wa tausi, ila tausi huyu kapungukiwa damu. Vipande arobaini na kitu, vyote vya uji, tofauti ni huu umetiwa maziwa na ule umetiwa karanga. Kuna mchanga, kuna ngano, kuna pembe ya ndovu, kuna magnolia ambayo fundi wetu anaiita "mangolia" na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Zamani rangi zetu ulikuwa unazijua bila kadi: ugoro, kaki, damu ya mzee, bluu bahari. Ukisema damu ya mzee hata mtoto anaelewa umetaka nini. Sasa nenda ukamwambie mtu akuletee rangi ya "kitani kilichopigwa jua" uone kama hajakuletea shuka.

"Hii hapa," nikasema, nikagusa moja katikati ili turudi nyumbani kula.

Kijana akatabasamu lile tabasamu la daktari kabla ya majibu. Akachomoa karatasi nyeupe kwenye printa akailaza pembeni ya kipande changu. Jamani. Ile krimu yangu iligeuka pinki papo hapo, kama mtu aliyeumbuliwa mbele ya wakwe. Akaweka nyingine, ikatoka kijani, kijani cha maziwa yaliyosahaulika. Akaeleza kwamba hizi rangi za upole zote zina rangi nyingine imejificha ndani, na ukiitazama peke yake huioni mpaka uiweke karibu na nyeupe yenyewe. Kumbe ni kama watu. Mama watoto akanikanyaga mguu nisianze kutoa mifano ya ukoo wao.

Tukachagua tatu za kujaribu. Mashine yao nayo ni kituko. Kopo linawekwa likiwa na rangi nyeupe, mashine inadondosha tone la njano, tone la kahawia, halafu tone la nyeusi. Nyeusi! Nikashtuka, nikataka kuizuia kwa mkono. Kijana akasema bila hiyo njano inapiga kelele. Kisha kopo likatikiswa kwa fujo, likatoka limetulia, rangi ya chai ya maziwa ya hotelini, ile ambayo majani yamehesabiwa.

Fundi akapaka viraka vitatu ukutani, kila kimoja ukubwa wa gazeti, akatuonya tusikihukumu kiraka kikiwa kibichi maana rangi ya maji ikikauka inabadilika. Sawa. Kikakauka. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, kwa sababu ukuta wenye viraka vitatu haumwachi mgeni apite salama. Shemeji alikuja kurudisha ngazi akapigia kura cha kushoto. Mjumbe wa mtaa alikuja na karatasi za mchango wa barabara, akasahau mchango, akasimama dakika kumi na mikono nyuma kama anakagua gwaride, akasema cha kati kina heshima. Mtoto wa kidato cha pili akasema vyote ni sawa. Nikampa soda.

Sasa sikilizeni mambo ya mwanga, maana haya hakuna aliyeniambia kabla sijachukua kiwanja. Dirisha la sebule yetu linatazama magharibi, na nje ni uwanja mtupu wa udongo mwekundu, nyasi bado tunaziombea. Asubuhi jua liko nyuma ya nyumba, kwa hiyo kiraka cha kati kinakuwa kijivu, kimenuna kama mtu asiyetaka salamu. Ikifika saa kumi jioni jua linapiga ule udongo, udongo unaurusha wekundu wake ndani kupitia dirishani, na kiraka kile kile kinakuwa pinki kama ufizi. Usiku ukiwasha taa, uji wa mgonjwa. Nilisimama pale nikijiuliza tumenunua kopo moja au matatu.

Habari ya taa ikanipeleka tena mjini. Kumbe kwenye boksi la taa kuna namba ya rangi ya mwanga. Zile zetu zilikuwa 6500, mwanga mweupe wa kukagulia pasipoti. Za njano ni 3000. Nikabadilisha taa zote za sebuleni kwa ajili ya kiraka ukubwa wa gazeti, na kusema kweli usiku kikapendeza, ila tangu siku hiyo nikivaa soksi siwezi kujua ni nyeusi au za bluu.

Katikati ya haya mama mkwe akaja kutoka Mvumi. Huyu ni mama aliyezaliwa na kukulia kwenye tembe, zile nyumba zetu za kati za kuta za miti na udongo, paa lake bapa limefunikwa udongo pia, ndani ubaridi hata mchana wa mwezi wa kumi. Akakaa, akanywa chai, akautazama ukuta muda mrefu. Kwa adabu hakuniambia mimi mkwe wake. Akamnong'oneza binti yake, na mimi masikio ninayo: "Pale katikati ameshapakandika vizuri. Mbona kote kwingine bado?"

Kiraka cha kati ndicho tulichokuwa tumekichagua.

Niligeuka nikaangalia nje. Mama watoto hakusema kitu hadi kesho yake, akasema tukanunue.

Mimi nikapiga hesabu. Sebule ni mita 5 kwa 4, kwenda juu mita 3, kuta zote mita za mraba 54. Toa milango na madirisha, ibaki kama 46. Kupaka mara mbili, 92. Lita moja inapaka mita za mraba kama 10 hivi. Kwa hiyo lita 9, tuseme 10. Nikaonyesha daftari. Kijana wa dukani akasema chukueni ndoo nzima ya lita 20, maana mkija kuchanganyiwa nyingine baadaye inaweza kupishana kidogo na mtaiona kwenye kona. Fundi akaunga mkono haraka mno. "Bosi, hesabu yako ni ya daftari. Ukuta unakunywa."

"Si ulishaunywesha praima?"

"Ile ilikuwa maji ya kunawa, bosi. Hiki sasa ndicho chakula."

Na kabla ya chakula kulikuwa na chumvi. Anayekaa Dodoma anajua. Chini kabisa ya ukuta, usawa wa goti, unakuta unga mweupe umetoka wenyewe, lipu inavimba, ukigusa inakuja na kidole kama kaukau. Fundi akakwangua, akapiga msasa, akapaka dawa, akakwangua tena. Siku mbili hizo, redio inaimba, mimi nimefunga mdomo kwa kitambaa, mama watoto yuko kwenye simu anatafuta mapazia.

Ikapakwa. Ikaisha. Tukasimama mlangoni wote wawili.

Niseme haki: kuna wakati inapendeza sana. Ni kuanzia saa kumi na mbili kasorobo jioni hadi saa kumi na mbili kamili, jua likiwa limeshuka kwenye paa la jirani na taa hatujawasha. Kwa dakika hizo kumi na tano sebule yangu ndiyo ile ya kwenye simu, imebaki mbwa tu. Wageni tunaowapenda tunawaalika muda huo. Wa michango waje saa nne asubuhi.

Vumbi nalo limetuheshimu. Kisulisuli kilipita wiki ile ile, kikaingia dirishani, kikalala ukutani, na hakuna aliyekiona, maana walikuwa wa rangi moja. Nikaona hiyo peke yake imerudisha nusu ya hela yangu.

Nusu nyingine ndiyo nilikuwa naitafuta. Siku ya kumlipa fundi nilimuuliza iliyobaki iko wapi. Kwa daftari langu ilitakiwa ibaki nusu ndoo. Fundi akaangalia juu kwenye jipsamu kama imeandikwa huko. "Iliisha, bosi. Si nilikwambia ukuta unakunywa?" Ndoo yenyewe haikuwepo pia. Ukuta, inaonekana, ulikunywa hadi plastiki.

Jumapili iliyofuata niliamka mapema, nikafungua pazia la sebuleni. Huku ndani ukuta umenuna, kijivu, kama kawaida yake ya asubuhi. Nje, ng'ambo ya uwanja, jirani yangu ana banda la kuku la tofali, uso wake unatazama mashariki, yaani unatutazama sisi. Juma moja nyuma lilikuwa lipu tupu. Sasa limepakwa. Jua la asubuhi lilikuwa limelipiga usoni moja kwa moja, na lile banda lilikuwa linang'aa kwa upole, si jeupe, si njano, si pinki, jogoo kasimama mlangoni kama mwenye nyumba. Ndoo yetu ilikuwa pembeni, wamewekea maji kuku.

Mama watoto akaja na kikombe chake, akasimama kando yangu. Akaangalia dirishani muda mrefu, hajanywa hata funda moja.

"Baba watoto," akasema, "unaiona ile? Ile ndiyo niliyokuwa naitaka."