Majibu ya selimundu yaandikwe kwa herufi

Mzazi wa Mombasa akimpeleka mtoto kupimwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, mara nyingi hurudi na karatasi yenye neno moja: chanya au hasi. Kwa maoni yangu hilo ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Karatasi iandikwe AA, AS au SS: A ni hemoglobini ya kawaida, S ni ya selimundu, na kila mzazi humpa mtoto herufi moja. Sababu imo ndani ya hemoglobini yenyewe, protini ya damu inayobeba oksijeni.

Hemoglobini ina minyororo 4: miwili ya alfa, kila mmoja una asidi amino (vijenzi vya protini) 141, na miwili ya beta yenye 146. Kila mnyororo umekumbatia himu, kipande bapa chenye chuma katikati, na chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni mapafuni na kuiachia misulini. Katika selimundu, kosa ni dogo ajabu. Nafasi ya 6 ya beta, pale panapostahili asidi amino iitwayo glutamiki, pamekaa nyingine, valini. Glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Oksijeni ikishatoka, valini hiyo hujichomeka kwenye kijishimo cha beta ya molekuli jirani, nayo jirani hushika nyingine, mpaka nyuzi 14 zinajisokota pamoja kama kamba ya jahazi na kuipinda chembe nzima ya damu. Ikirudi mapafuni hujinyoosha, lakini kupinda na kunyooka huko kunaichakaza. Chembe yenye afya huishi siku 120 hivi, hii huishi 10 hadi 20, ndiyo maana damu hupungua. Zinazokwama kwenye mishipa midogo ndizo zinazoleta yale maumivu ya mifupa.

Sasa tazama siklingi, kipimo kinachotoa hilo jibu la chanya au hasi, inavyofanywa. Tone la damu huchanganywa na metabisalfaiti ya sodiamu, kemikali inayoondoa oksijeni, kisha mtaalamu hutazama kwa darubini kama chembe zinapinda. Za mwenye SS zitapinda. Za mwenye AS zitapinda pia, ingawa S kwake ni kama asilimia 35 hadi 40 tu ya hemoglobini na kwa kawaida hana ugonjwa wowote. Wote wawili wanaandikiwa chanya! Mmoja anahitaji kliniki maisha yake yote, mwingine anahitaji tu kujua hali yake kabla ya kuzaa.

Hasi ya mtoto mchanga inanitia hofu zaidi. Mtoto wa miezi 2 bado ana hemoglobini nyingi aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo ina mnyororo wa gama mahali pa beta, na gama haina kasoro hiyo. Siklingi yaweza kumpita. Akikaribia miezi 6 gama imepungua, mikono na miguu inavimba, na mama anashikilia karatasi inayosema mwanawe mzima. Miezi hiyo iliyopotea ni ile ambayo angeanzishiwa penisilini ya kumkinga na bakteria wa nimonia.

Kipimo cha kuomba ni elektroforesisi ya hemoglobini, yaani kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Glutamiki ina chaji hasi, valini haina, kwa hiyo kwenye umeme S hubaki nyuma ya A. Mwenye AS huonyesha mistari miwili, A na S. Mwenye SS hana mstari wa A kabisa. Ni ghali kuliko siklingi, lakini jibu lake halibadiliki. Hupimwa mara moja.

Tena pwani hatuna haki ya kulichukulia hili kama jambo la mbali. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni nadra sana nyanda za juu. Malaria ndiyo sababu: mwenye AS hukingwa na malaria kali. Si laana wala si jicho la mtu.

Kwa mwenye SS, joto la kaskazi ni adui wa kweli. Chembe ikipoteza maji, hemoglobini hubanana na nyuzi hujisuka haraka mno, na figo zake hazihifadhi maji vizuri. Chupa ya maji iwe mkononi hata shuleni, na kabla ya Ramadhani aonane na daktari wake kuhusu kufunga.

Na kama mtoto ameongezewa damu, elektroforesisi isubiri kama miezi 3. Ikifanywa mapema, A ya aliyechangia damu itaonekana kwenye majibu, na SS ataandikwa AS.