Kwa nini mdogo wangu hawezi kufungua seva ya gemu Kampala

Nikiulizwa intaneti ya huku Ujerumani inatofautianaje na ya nyumbani Uganda, wengi hutarajia nitaje kasi. Kwa nyumba ya Kampala iliyofikiwa na faiba, kasi si kilio tena. Mdogo wangu yuko Ntinda, anatazama video bila kukwama na gemu kubwa anaipakua usiku mmoja. Asichoweza ni kufungua seva ya gemu ya Minecraft, yaani kompyuta inayobeba mchezo, sebuleni ili rafiki zake wa Kisenyi na Jinja waingie wacheze. Mimi hapa Köln naweza, na jambo hilo linaniuma.

Tulianza pale wanapoanza wote. Kompyuta yake tukaipa anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, tukaiunganisha kwa waya badala ya waifai, tukairuhusu Java, programu inayoendesha mchezo, kwenye fayawoli ya Windows (ukuta wa ulinzi wa kompyuta), kisha tukafungua porti 25565, mlango wa namba ambao Minecraft hutumia, kwenye ruta. Rafiki akijaribu kuingia, hapati kitu. (Kujaribu mwenyewe ukiwa ndani kunaweza kukudanganya, maana ruta nyingine hazikubali uingie kwa anwani yako ya nje. Mwombe mtu aliye kwingine akujaribie.)

Nikamwambia afungue ukurasa wa ruta anisomee anwani ya upande wa nje.

"Kaka, inaanza na mia moja, halafu sabini na mbili."

Nikajua hatufiki popote. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziwaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, ile inayoonekana intaneti nzima. Kufungua porti hapo ni sawa na kufungua mlango wa chumba chako wakati geti la ploti limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba. Akipiga simu kwa kampuni, anaambiwa azime ruta aiwashe tena. Akizidi kuuliza, anaambiwa anwani ya umma ni ya wateja wa biashara.

Sisemi Ulaya hawana shida hii. Hazina ya Ulaya ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, iliisha Novemba 2019, na hapa Ujerumani nyumba nyingi zinazotumia laini za kebo hazina anwani ya IPv4 ya peke yao. Lakini hupewa IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, ambamo kila kifaa ndani ya nyumba kinaweza kupata anwani yake ya umma. Laini ya Ntinda haina. Huku inaeleweka kwamba mtu wa kawaida anaweza kutaka kupokea wageni kwenye laini yake. Kwetu anahesabiwa kuwa mtazamaji tu.

Matokeo yake ni nini? Vijana wawili wa Kampala wakitaka kucheza pamoja, wanatafuta kadi ya benki ya mtu mzima wakodi seva Ulaya. Kila hatua ya mchezo inashuka hadi pwani, Mombasa kwa mfano, inazama baharini, inapita Bahari ya Shamu hadi Frankfurt, kisha inarudi yote hiyo. Pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi, inavuka milisekunde 100 hata siku njema, na wachezaji wenyewe wametengana safari fupi ya bodaboda! Na hayo yote ilhali Kampala ina kituo ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data, UIXP, tangu 2001, na kilianzishwa ili data ya ndani ibaki ndani.

Kwa sasa tunatumia ZeroTier: kila mchezaji anaweka programu hiyo, na kompyuta zinaonana kana kwamba ziko nyumba moja. Inafanya kazi, ila kila rafiki mpya lazima aelekezwe upya, na wengine huchoka kabla hawajaingia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana anayeendesha seva nyumbani anajifunza porti, fayawoli, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, na namna ya kusoma kumbukumbu za makosa. Ujuzi huohuo ndio unaoendesha tovuti ya duka au mfumo wa shule. Sisi tunamfungia kabla hajaanza.

Siombi anwani za bure. Kampuni ziiuze anwani ya umma kwenye vifurushi vya nyumbani kwa ada ndogo ya mwezi, au ziwashe IPv6 hadi kwenye ruta ya mteja. Siku zikitangaza, ada ya Ntinda nitailipa mimi.