Kufuli Tunalo, Pa Kufungia Hatuna

Baiskeli yangu iliibwa ikiwa imefungwa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila niliyemsimulia aliuliza swali lile lile, "Kwani hukuifunga?", kana kwamba wizi wa baiskeli huanzia kwenye uzembe wa mwenyewe na kuishia hapo hapo. Niliifunga. Ilikuwa Phoenix nyeusi yenye karia pana, na juu ya gurudumu la nyuma ilikuwa na lile kufuli la duara lililokazwa kwenye fremu, ambalo ukilisukuma chuma chake hupita katikati ya spoku na gurudumu likashindwa kuzunguka. Niliiegesha kwenye ukuta wa ofisi moja ya umma hapa Tanga, nikachomoa ufunguo, nikaingia kufuata karatasi iliyohitaji mhuri. Nilipotoka, baada ya kama dakika 40, nilikuta mchangani mstari wa gurudumu moja tu, na pembeni yake nyayo za mtu aliyevaa kandambili. Alikuwa ameinua nyuma ya baiskeli kwa kushika karia, akaisukuma kwa gurudumu la mbele kama toroli. Waliomwona, kama wapo, waliona mtu anayepeleka baiskeli mbovu kwa fundi, na watu wa namna hiyo wanapita mitaani kutwa.

Kuna jambo ambalo sikulisimulia kwa wengi. Nilikuwa pia na mnyororo na kufuli la kawaida, na nilikwisha kuanza kuizungushia baiskeli kwenye nondo za uzio mlinzi aliponisogelea. "Kaka," aliniambia kwa upole, "hapo hapafungwi baiskeli, rangi mpya hiyo." Nikaufungua mnyororo, nikaukunja, nikaubana kwenye karia. Mnyororo nao ukaenda na baiskeli. Mlinzi yule yule, nilipomrudia nikihema, alinieleza bila kejeli yoyote kwamba yeye amewekwa pale kulinda magari.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo wenzangu wanayaona ya ajabu kidogo, nayo ni kwamba katika miji yetu tatizo la kwanza la wizi wa baiskeli si makufuli. Makufuli tunayo, mengine mabovu na mengine mazuri. Tunachokosa ni mahali pa kuyafungia. Mtu anayeingia na gari kwenye jengo la umma hukuta mistari imechorwa chini, mlinzi amwelekeze, na pengine kivuli cha bati. Anayeingia na baiskeli huambiwa aipeleke "kule nyuma", yaani pembeni ya choo au jalala, mahali ambapo hakuna jicho la mtu wala chuma kilichochimbiwa ardhini. Kisha ikiibwa anaulizwa kama aliifunga.

Tanga si mji wa kufanyiana hivyo. Ni mji tambarare, na baiskeli hapa si mchezo wa watoto wala mazoezi ya wenye vitambi. Ni chombo cha mwalimu, cha muuza samaki, cha kibarua na cha bibi anayekwenda kumtazama mgonjwa. Ukipita Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, utakuta baiskeli imeegemea karibu kila mlango. Siku ya Ijumaa, adhana ikishatolewa, ukuta wa msikiti hujaa baiskeli zilizolaliana safu juu ya safu, na watu wamezifunga zenyewe kwa zenyewe, mnyororo mmoja ukipita kwenye fremu tatu au nne. Naiona kuwa hekima kubwa ya watu wasiojengewa kitu, maana mwizi hawezi kutoweka na baiskeli nne kwa pamoja, ingawa hekima hiyo inakudai usubiri. Ukitoka wa kwanza na yako iko chini kabisa, huna budi kukaa kwenye kizingiti hadi majirani zako wamalize sunna zao na soga zao.

Turudi kwenye makufuli, kwa sababu sitaki nionekane nayadharau. Kufuli la duara la gurudumu la nyuma lina kazi moja, kumzuia mtu asiipande baiskeli na kutimka nayo, na kazi hiyo inatosha unapoingia dukani kununua kibiriti huku macho yako yakiwa mlangoni. Zaidi ya hapo halitoshi, kwani halijaishika baiskeli na kitu kingine chochote. Kufuli la waya uliovishwa plastiki, lenye namba za kuzungusha, huonekana nene na la kutisha, lakini unene wake mwingi ni hiyo plastiki. Mkasi wa chuma unaukata waya kwa kubana mara moja. Mnyororo mzito ni bora, mradi usiuache ulale chini, kwa sababu mwenye mkasi huegemeza mpini mmoja ardhini na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake wote, nguvu ambayo hawezi kuipata mnyororo ukiwa umekazwa juu kwenye fremu. Na kama umenunua mnyororo wa nguvu, usiutie kufuli la bei ya chini, kwani mwizi hatahangaika na mnyororo. Sisi wa pwani tuna la ziada: hewa ya bahari hula vyuma, kwa hiyo kufuli lisilotiwa oili litakugomea wewe mwenye ufunguo kabla halijamgomea mwizi.

Lililo bora kwa matumizi ya kila siku ni kufuli la chuma kigumu lenye umbo la U. Fundi wa Marekani aliyeandika mengi juu ya baiskeli, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, alishauri kufuli la namna hiyo lipitishwe kwenye ringi ya gurudumu la nyuma ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha lishikane na nguzo. Ukifanya hivyo, kufuli dogo moja linashika gurudumu na fremu kwa pamoja, kwa kuwa ringi haiwezi kuchomoka katika pembetatu ile mpaka ikatwe. Udogo nao ni faida, maana nafasi isipobaki ndani ya kufuli, mwizi hapati pa kuingiza chuma cha kutanulia. Hata hivyo, hakuna kufuli lisiloshindwa. Mwaka 2004 huko Marekani ilidhihirika kwamba baadhi ya makufuli ya U yaliyokuwa yakisifika kuliko yote, yenye tundu la ufunguo la duara, yalifunguka kwa bomba la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Siku hizi kuna grainda za betri. Kwa hiyo unaponunua kufuli unanunua dakika, nazo dakika zina maana tu pale ambapo kuna mtu wa kuona kinachofanyika. Na ushauri wote huo, wa Brown na wa wengine, una neno moja ambalo wenzetu hulipita bila kulitazama, nasi linatukwamisha: nguzo. Ipi?

Tunachokifanya ni kubahatisha. Mti mchanga unakatwa kwa panga. Kibao cha barabarani kikiwa kifupi, baiskeli inanyanyuliwa na kupitishwa juu pamoja na kufuli lake. Nguzo ya umeme ni nene, mnyororo haufiki. Hata penye maegesho ya baiskeli, mara nyingi ni ile ngazi ya vyuma vyembamba inayobana gurudumu la mbele peke yake. Mwizi hulegeza nati mbili kwa spana, akaondoka na baiskeli na kukuachia gurudumu.

Sasa niseme kosa langu, maana lipo. Wiki chache baada ya kuibiwa niliiona Phoenix nyeusi mbele ya duka karibu na soko la Mgandini, ikiwa na utepe mwekundu kwenye mpini wa kushoto, kama niliouzungushia wangu. Niliikamata. Akatoka mzee wa makamo ya baba yangu, kikapu mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo," huku nimeshikilia usukani wa baiskeli yake, jambo ambalo nikilikumbuka nasikia aibu. "Marahaba, mwanangu," alijibu. "Naona umeipenda." Nikamwambia inafanana sana na yangu iliyoibwa. Hakukasirika. Alikiweka kikapu chini, akaipindua baiskeli miguu juu, akapangusa matope kwa kidole gumba chini ya bomba linalobeba ekseli ya pedeli, namba zikatokeza. Kisha akatoa pochi, na ndani ya pochi kikaratasi kilichochakaa chenye namba zile zile. "Haya, yako ni ngapi?"

Sikuijua. Nilikuwa nimeiendesha baiskeli ile miaka sita bila kuigeuza hata mara moja nikaitazama namba yake. Hata polisi, nilipokwenda kuandikisha maelezo na kupewa RB, yaani namba ya taarifa kituoni, niliandikisha "Phoenix, nyeusi, ina utepe mwekundu", maelezo ambayo katika mji huu yanamhusu kila mtu na jirani yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa nikidhani methali hiyo ni ya wenye maduka.

Wajapani wamelifanya jambo hilo kuwa sheria: tangu mwaka 1994 kila baiskeli nchini mwao inatakiwa kuandikishwa, na hubandikwa kibandiko chenye namba na jina la polisi wa eneo. Wengi wetu tumekiona bila kujua ni nini, kwani baiskeli za mtumba kutoka Japani huja nacho kwenye fremu, chini ya kiti au karibu na pedeli, na kazi ya kwanza ya mnunuzi wa huku huwa ni kukibandua kwa kisu. Sitetei kurudishwa kwa kodi ya baiskeli na vibati vyake, ambavyo wazee wanavikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko kwa faida. Lakini kupiga picha namba kwa simu hakuhitaji kodi, na kumdai muuzaji hati ya mauziano yenye namba ya fremu, ikishuhudiwa na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama tunavyofanya kwa kiwanja, kunachukua nusu saa. Baiskeli ya wizi haikai sana kuwa baiskeli. Fremu inapakwa rangi, ringi zinakwenda huku, karia kule, na mtu mwema kabisa ananunua karia hiyo kwa bei nafuu na kumshukuru Mungu. Kanuni ya Adhabu yetu humhesabu anayepokea mali huku akijua kuwa ni ya wizi kuwa mkosaji, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kumuuliza fundi ringi hii ya mtumba ameitoa wapi? Mimi nimeanza juzi, na fundi wangu ananitazama kama niliyepandwa na pepo.

Naomba niseme neno kando. Yule mzee angekuwa na moyo mwingine, au mimi ningepaza sauti badala ya kumwamkia, neno "mwizi" lingetosha kumletea mawe kabla hajaufikia mfuko wenye pochi. Tumewaona vijana waliopigwa hadi kufa kwa baiskeli zisizozidi bei ya mbuzi. Kwa hiyo ninapolilia ulinzi wa baiskeli sililii ukali wa namna hiyo. Maegesho mazuri yanampunguzia mwizi nafasi, na yanatupunguzia sisi nafasi ya kuua mtu.

Kwenye stesheni ya reli ya Utrecht, huko Uholanzi, kuna maegesho ya chini ya ardhi ya baiskeli 12,500, yaliyokamilika mwaka 2019. Siombi hayo. Naomba bomba la chuma lililopindwa kama U iliyogeuzwa, lile ambalo Waingereza huliita kwa jina la mji wa Sheffield, likichimbiwa kwenye zege na kusimama juu kiasi cha sentimita 75, na lingine mita moja pembeni yake. Kila bomba linafunga baiskeli mbili, moja kila upande, fremu na gurudumu. Fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaani anaweza kuyatengeneza manne kwa siku moja, na gharama yake haifiki ya geti ambalo kila ofisi huweka mlangoni. Sharti langu moja tu ni kwamba yawekwe mbele, karibu na mlango na machoni pa mlinzi. Yakipelekwa kule nyuma, mwizi atapata faragha ya kufanya kazi yake kwa utulivu.

Nilithubutu kuiandikia ile ofisi. Nilichora mchoro kwa rula, nikaweka vipimo, nikaeleza kwamba niko tayari kumlipa fundi kwa bomba la kwanza. Barua ilipokelewa na nakala yangu ikagongwa mhuri, na huo ndio mwisho wa habari zake, miezi minne sasa. Wiki iliyopita nilikwenda tena kufuata karatasi nyingine. Uzio umepakwa rangi upya, safari hii ya kijani, na mlinzi alinikumbuka. Nilivuka barabara na baiskeli yangu ya sasa, nikamwomba muuza maji ya miwa anifungie kwenye mguu wa mashine yake ya kukamulia, ambayo ni chuma kitupu na haibebeki na watu wawili. Alikubali. Niliporudi nilikunywa glasi mbili, ya kiu na ya maegesho.