Ufukwe wa Kunduchi unaisha mtoni

Kila bamvua likipanda na kuangusha ukuta mwingine Kunduchi, hapa Dar es Salaam, watu husema bahari imekula. Wiki hii nimeyasikia tena maneno hayo, tena kwa mtu mwenye cheo, na yameniudhi kweli. Mawimbi yalikuwa yakipiga pale tangu enzi za mababu. Kilichopungua ni mchanga, na wanaouchukua tunawaona.

Mvua hushusha mchanga kutoka vilimani, Mto Tegeta na Mto Mbezi ikaufikisha baharini, mawimbi yakausambaza pwani. Bahari ikichukua, mto hurudisha. Sasa simama darajani alfajiri uangalie chini. Fuso limeingia kinyumenyume hadi katikati ya mto, vijana wamezama magotini na machepe yao, na kingo imechimbwa mpaka mizizi ya mwembe inaning'inia hewani. Tripu ikijaa inakwenda kwa wafyatua tofali, lori jingine linashika nafasi. Mchanga ule ndio uliokuwa uende Kunduchi.

Na haya si ya leo. Makondakta wanaita "Africana!" kutwa nzima, na sijui ni abiria wangapi wanaoshuka pale wakifahamu kwamba jina hilo ni la hoteli ya ufukweni iliyobomolewa na mmomonyoko huu huu. Watafiti walishasema zamani kwamba kuchimba mchanga mitoni kumechangia. Tulichofanya ni kuruhusu kila mwenye fedha ajenge vizuizi vyake vya mawe kuingia baharini. Mchanga unanasa kwake, jirani wa upande wa pili anakosa. Wavuvi hawana fedha za mawe. Wao wanazidi kuvuta ngalawa juu, mwaka hadi mwaka, hadi zinagota ukuta wa mtu.

Sawa, bahari nayo inapanda, na baruti za kuvulia samaki zilivunja matumbawe yaliyokuwa yakitukingia mawimbi. Sawa pia, jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5 lazima lijengwe, na mwenye chepe anatafuta riziki. Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na mwenye lori, na zaidi na anayelipungia mkono lipite. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Mita hizo huwa tunazikumbuka siku ya kubomoa vibanda vya maskini. Mbona hazipimwi Fuso likiwa ndani ya maji kabisa?

Nataka doria kwenye njia za malori alfajiri, si saa nne baada ya chai. Nataka muuza mchanga aonyeshe kibali kinachotaja machimbo, na sisi tunaojenga tukidai kabla hatujalipa. Masika yajayo mito itashusha mchanga mwingine. Uachwe ufike.