Je, Innoventions ya Epcot Ilipitwa na Wakati, au Ilipoteza Somo Lake?

Septemba 2019, jengo la mwisho la Innoventions katika Epcot, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney huko Florida, lilifungwa, na hapo ikakoma historia ya karibu miaka 37 ya maonyesho yaliyomwezesha mgeni wa kawaida kugusa kwa mkono wake teknolojia ambayo ilikuwa haijafika nyumbani kwake. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba simu janja na intaneti zimekwisha kuileta kesho sebuleni, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kulipa kiingilio ili aione. Maelezo hayo yana uzito, lakini naona yanafunika kosa lililotangulia.

Bustani hiyo ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, nyuma ya tufe kubwa la Spaceship Earth yalisimama majengo mawili yaliyopinda kama hilali, yakiitwa CommuniCore. Walt Disney, mwanzilishi wa kampuni hiyo aliyefariki Desemba 1966, alikuwa ameikusudia Epcot iwe mji halisi wenye wakazi, ambamo viwanda vya Marekani vingejaribia mifumo mipya. Mji huo haukujengwa, na majengo yale mawili yakabaki kuwa sehemu iliyokaribia zaidi kusudio lake. Humo mgeni alisimama juu akatazama kupitia vioo kompyuta halisi zilizosaidia kuendesha bustani aliyokuwa ametoka kuitembelea. Alizungumza na roboti mdogo aliyeitwa SMRT-1. Na kwa kugusa skrini aliweza kuonana kwa video na mhudumu wa bustani na kuweka nafasi ya meza mgahawani. Kwa mwaka 1982, wakati kompyuta yenyewe ilikuwa ngeni katika nyumba nyingi za Marekani, hayo yalikuwa mambo ya kumsimamisha mtu.

Wanaosema kwamba maonyesho ya namna hii hayana budi kufa wanaanzia hapo hapo. Onyesho huchukua muda mrefu kubuniwa na kujengwa, ilhali kifaa kinachoonyeshwa huweza kuwa dukani kabla rangi ya banda haijachakaa. Wasimamizi wa Epcot wenyewe walilitambua tatizo hilo. Januari 1994 waliifunga CommuniCore, na Julai mwaka huohuo wakafungua Innoventions, ambamo kampuni zilipewa nafasi za maonyesho yaliyoweza kubadilishwa kwa urahisi zaidi. Sega, kwa mfano, ilileta michezo yake ya video. Tawi la pili lilifunguliwa Disneyland, bustani nyingine ya Disney huko California, mwaka 1998, likadumu hadi 2015. Hoja ya wanaosema hivyo ni kwamba ikiwa hata ubadilishaji wa haraka haukutosha, basi hakuna ambacho kingetosha.

Mimi nadhani dawa hiyo ndiyo iliyoongeza ugonjwa. Kompyuta za mwaka 1982 zilionyeshwa zikiwa kazini, na mgeni aliondoka akijua jambo kuhusu jinsi mahali alipokuwa panavyoendeshwa. Sehemu kubwa ya Innoventions ilimwonyesha bidhaa ambayo angeweza kuinunua baada ya miezi michache, na bidhaa ikishafika dukani, duka huionyesha vizuri zaidi kuliko banda lolote. Kinachopitwa upesi ni kifaa. Maelezo ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi huishi muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuzitupia lawama yote kampuni zilizodhamini maonyesho hayo. CommuniCore nayo ilijengwa kwa fedha za kampuni kama Sperry ya kompyuta, Exxon ya mafuta na mtandao wa simu wa Bell, na bila fedha hizo vioo vile na kompyuta zile visingekuwepo. Tena onyesho ninaloliona kuwa bora kuliko yote ya miaka ya mwisho, Sum of All Thrills, lililofunguliwa mwaka 2009, lilidhaminiwa na Raytheon, kampuni inayojulikana kwa kutengeneza makombora. Mtoto alichora kwenye skrini njia ya safari yake, akachagua miinuko, mizunguko na kasi, kisha akaketi kwenye mkono wa roboti uliomrusha na kumpindua kulingana na mchoro wake mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na mashaka na nia ya mdhamini wa aina hiyo, nami ninayo, lakini siwezi kukana kwamba hesabu ilifundishwa pale kwa namna ambayo simu ya mkononi haiwezi, kwa kuwa simu haiwezi kumpindua mtu kichwa chini.

Ushahidi mwingine kwamba maelezo huishi kuliko kifaa ni Carousel of Progress, onyesho lililotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964, likahamia Disneyland 1967, na tangu 1975 liko Florida. Vifaa vyake ni vya zamani waziwazi, lakini linasimulia jinsi umeme ulivyobadilisha maisha ya familia moja, na habari hiyo haikupitwa kwa sababu tu simu mpya imetoka.

Epcot yenyewe imechagua njia nyingine. Jengo la magharibi lilibomolewa, na la mashariki sasa lina mgahawa na duka. Juni 2024 jina la zamani lilirudishwa kwa ukumbi mpya, CommuniCore Hall, unaotumika kwa shughuli za matamasha na kwa wageni kukutana na wahusika wa Disney, bila chumba cha kompyuta cha kutazamwa kupitia kioo.